Abiria wa Siku ya Mwisho

Fimbo ya juu ya tramu ilichomoka kwenye waya wa umeme katikati ya Mtaa wa Kwanza, hapa Los Angeles, asubuhi watu wakiwahi kazini. Cheche ziliruka, tramu ikazimika. Dereva, Delfina Arriaga, akashuka na sare yake ya kijivu na midomo yake myekundu, akaishika kamba ya kuirudishia fimbo. Abiria mmoja mwenye suti ya kahawia akamfuata.

"Dada, nikusaidie?"

"Umewahi kushika kamba hii?"

"Hii sijawahi. Ila kushika najua."

"Basi shika kofia yako, itakanyagwa."

Abiria waliangua kicheko, na Rubén Otero, muuza viatu, akanasa papo hapo. Tangu siku hiyo alikuwa akilipita duka lake makusudi, anakwenda na Delfina hadi mwisho wa njia, kisha anarudi naye. Jioni anapiga simu.

"Umekula, malkia wangu?"

"Nimekula. Na wewe umeze kwanza hiyo tamale ya mahindi ndipo uniite malkia."

Delfina alimpenda mno.

Kisha Rubén akanunua gari la kijani. "La kukupeleka baharini, mpenzi." Akampeleka mara mbili. Lakini asubuhi hakupanda tena, na simu zikapungua hadi zikakoma. Delfina akawa anaendesha viti vitupu, kila kituo anatupa jicho. Mtaani Rubén alieleza kwamba mama yake Delfina ndiye aliyewatenganisha. Maskini mama wa watu, kila Jumapili alikuwa bado anamwekea Rubén sahani!

Mwisho wa Machi 1963 tramu zikafika siku yao ya mwisho. Watu walifurika na kamera, wengine wakining'inia mlangoni. Rubén naye akapanda, suti mpya, pete mfukoni.

"Wameiua, Delfina. Watu wa kampuni za matairi ya magari na mabasi. Walizinunua tramu ili wazizike, kila mtu anajua."

"Kila mtu anajua. Kama wanavyojua kuwa ni mama yangu aliyetutenganisha."

Rubén akapeleka mkono mfukoni penye pete.

"Hao wa matairi walitaka kuuza matairi," Delfina akasema. "Lakini kwenye viti hivi, nani aliinuka akaondoka?"

"Mimi. Nisamehe, roho yangu. Nikuoe." Akaitoa pete.

Abiria wakapiga makofi. Machozi yalimlenga Delfina. Bado alimpenda, na hilo ndilo lililomuumiza.

"Leo umefikaje kituoni, Rubén?"

"Vipi?"

"Umekuja na nini?"

Rubén akaangalia viatu vyake. "Na gari. Nimeliegesha pale nilipopandia."

Delfina akasimamisha tramu, akafungua mlango.

"Leo kwa kuwa ni mwisho, kila mtu ananipenda," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikungoja siku za mvua, kiti kikiwa kitupu. Shuka, Rubén."

Akashuka. Kabla mlango haujafungwa, mtu mwenye kamera alishakalia nafasi yake, akamwomba Delfina atabasamu kidogo, iwe kumbukumbu.