Chupa ya Majani ya Mpera

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu: kuteka maji, kumnawisha mdogo wangu Faraji, na kuchuma majani ya mpera. Hiyo ya tatu ndiyo niliyoipenda, kwa sababu nilimfanyia Dada Loyce, mpangaji wetu. Alitaka majani machanga tu. Nikimletea lenye tundu la mdudu alinirudishia papo hapo, kama karani wa shamba la chai.

Dada Loyce alikuwa mtafiti kutoka chuo kikuu, na alipanga chumba chetu cha uani kwa miezi sita. Alichemsha majani yale, akayachuja, kisha akachanganya maji yake na chumvi ya madini ya fedha. Rangi ilibadilika huku tukiitazama, kutoka manjano hafifu mpaka kahawia ya chai ya rangi. Alinieleza kwamba humo ndani zimezaliwa chembe za fedha zinazoitwa chembe nano, ndogo kiasi kwamba ukipanga maelfu yake kwenye mstari hutafikia unene wa unywele. Alitaka kujua kama siku moja zitaweza kuua bakteria wa tumbo ambao dawa za kawaida zimeanza kushindwa nao. Mpaka wakati ule alikuwa amezijaribu kwenye visahani vya maabara tu, na kila chupa aliiandika kwa wino mwekundu: SI YA KUNYWA.

Sasa mtoto wa Kishambaa ataogopeshwaje na mpera? Kwetu, mtu akianza kuharisha, majani ya mpera yanachemka jikoni kabla hajarudi mara ya pili kutoka chooni. Mimi nimenyweshwa, Faraji amenyweshwa, na Bibi anasema hata yeye alinyweshwa. Basi ule wino mwekundu niliusoma kama tangazo la mbwa mkali kwenye nyumba ambayo najua haina mbwa. Majani yenyewe nilikuwa nimeyachuma kwa mikono yangu.

Masika ya mwaka huo Mama alishuka mpaka soko la Mombo, chini ya milima, kuuza karoti na njegere, akatuacha na Bibi. Siku ya pili Faraji, ambaye alikuwa na miaka minne, akaanza kuharisha damu. Bibi alichemsha mpera wake, haukusaidia. Tukampeleka zahanati, Daktari Kornelio akampa dawa ya kuua bakteria, na siku ya tatu ya dawa bado hali ilikuwa ile ile. Daktari alituambia kwamba huenda bakteria wale wameshaizoea dawa hiyo. Watu kijijini wananunua vidonge viwili vitatu dukani, wakipata nafuu kidogo wanaacha, na bakteria waliobaki hai ndio wanaozaana. Akasema lazima choo cha Faraji kipelekwe hospitali ya Lushoto kupimwa.

Asubuhi ya kukipeleka tuliamka tukakuta mlima umeporomoka na barabara imefunikwa kwa udongo na magogo. Mama alikwama Mombo. Sisi tulikwama juu, na mvua haikuonyesha dalili ya kukatika. Ukungu ulishuka mpaka mlangoni, hata jiko la Bibi lililo hatua kumi tu kutoka nyumbani sikuliona. Nilikaa kitandani na Faraji, yeye akiniomba nimwite Mama. Nilijiona kama nimetiwa ndani ya gunia likafungwa kwa juu.

Nilimfuata Dada Loyce nikamwomba ampe Faraji dawa yake. Aliacha alichokuwa anafanya, akasema hawezi. Nikamwomba tena. Akasema tena hawezi, akachukua mwavuli na kwenda kwenye maporomoko kuwasaidia watu kuchimba. Niliumia sana. Huyu mtu alikula ugali wetu kila siku, alimbeba Faraji mgongoni, na leo ana makabati mawili yamejaa chupa na hataki kutoa hata kijiko. Nikamwita mchoyo, ingawa kwa sauti ya chini.

Ufunguo wa akiba wa chumba chake ulining'inia nyuma ya mlango wa Bibi. Nilifungua, nikachukua chupa moja, na nikampa Faraji kijiko kimoja asubuhi na kingine mchana. Alikunja uso na kusema ni kama kulamba msumari. Nikamwambia ni mpera tu.

Kesho yake alianza kutapika bila kupumzika, huku amejikunja na kushika tumbo. Daktari Kornelio alikuja amelowa mpaka magotini. Alimpapasa, Faraji akapiga kelele, na uso wa daktari ukabadilika. Alimwambia Bibi kwamba anahofia utumbo umetoboka, na kama ni hivyo mtoto anahitaji upasuaji Lushoto leo hii. Njia ya msituni ni mwendo wa saa tano na haipitiki na machela, kwa hiyo wangembeba juu ya maporomoko.

Wanaume sita wakaitwa. Kiongozi wao alikuwa Bakari, jirani yetu, ambaye alisema wazi kwamba udongo bado unatembea, na kwamba asubuhi ile mgomba mzima ulishuka bondeni huku umesimama wima. Alisema hivyo huku anafunga blanketi kwenye miti miwili kutengeneza machela. Na hakuacha kufunga.

Daktari akauliza kama mtoto amepewa dawa nyingine yoyote. Bibi akajibu kwamba ni maji ya mpera tu, yale ya jikoni. Daktari akanigeukia mimi.

"Hakuna," nikasema.

Lilikuwa neno moja, na lilipotoka tu nilijua limenifungia. Nikisema kweli, nitakuwa mwizi mbele ya Bibi, na mtu aliyemtilia mdogo wake sumu mdomoni. Nikinyamaza, watu sita watatembea juu ya udongo ule na Faraji mabegani mwao, kwa sababu yangu. Nilitamani mtu aulize tena ili nipate pa kuanzia, lakini hakuna aliyeuliza. Walikuwa na haraka. Nilimwona Bibi akimfunga Faraji kwa khanga yake nzuri, ile ya kwendea harusini. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Bakari alipoinama kushika mti wa machela, nikasimama mlangoni.

"Daktari, nimekudanganya. Jana nilimpa dawa ya Dada Loyce. Vijiko viwili."

Bibi alisema kitu kwa Kishambaa ambacho sitakiandika hapa. Daktari hakufoka. Aliniuliza saa ngapi, kijiko kikubwa au kidogo, na kama chupa ipo. Nikaileta. Bakari akakimbia kumwita Dada Loyce, naye alifika na matope mpaka kiunoni, akaeleza moja baada ya jingine vitu vyote vilivyokuwemo. Alisema hiyo chumvi ya fedha, ile isiyogeuka chembe, inaunguza tumbo na kutapisha. Daktari akampapasa Faraji upya, polepole zaidi, safari hii akimsimulia habari za mbuzi. Tumbo lilikuwa laini, si gumu kama la mtu aliyetoboka utumbo. Akapanda kilimani kunakopatikana mtandao wa simu, akazungumza na daktari mwenzake wa Lushoto kwa muda ulionizeesha. Aliporudi alisema machela ifunguliwe.

Tulimpa Faraji maji ya ORS kijiko kwa kijiko, siku nzima. Bakari alipita njia ya msituni peke yake mpaka Lushoto, na kile kichupa cha choo kifuani. Kesho yake jioni alirudi na dawa nyingine, na vipimo vilipokamilika baadaye vilionyesha kwamba ile ya kwanza kweli haikuwa na nguvu tena kwa bakteria wale. Barabara ilipofunguka na Mama kufika, Faraji alikuwa anadai uji.

Mama alinichapa kwa maneno tu, ila yalitosha. Daktari Kornelio alinikuta zahanati nikichukua dawa iliyobaki, akaniambia nihakikishe inamalizwa yote, hata kama mgonjwa anacheza mpira. Kisha akaniambia jambo ambalo nimelishika mpaka leo. "Daktari anatibu anachokiona na anachoambiwa. Ukinificha kimoja, umenifumba jicho moja, halafu unanikabidhi mtoto wako nimvushe."

Lakini Dada Loyce ndiye niliyemwogopa zaidi. Alikuwa ameandika barua chuoni kueleza yaliyotokea, na kwamba yeye pia alikosea kuhifadhi kemikali mahali ambapo mtoto anaweza kufika. Nilimkuta anafungasha chupa zake kuzipeleka kwenye maabara yenye kufuli. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia nikae.

"Siku ile niliyokataa, ulidhani namnyima Faraji?"

Nikasema ndiyo. Kudanganya nilikuwa nimechoka nako.

"Mpera unaujua, Hidaya. Bibi yako anaujua, na waliomzaa waliujua. Lakini hiki kilichomo humu hakijajulikana bado. Itachukua miaka ya kupima mpaka tujue kinamponya nani na kinamdhuru nani, na huenda tukakuta hakifai kabisa. Mimi mwenyewe niliyekitengeneza sikijui." Akafunga sanduku. "Ningekijua, unadhani ningesubiri uniombe mara ya pili?"

Nililia palepale mbele yake, na sikuona haya.