Chumba cha Miezi Mitatu

Mbele ya duka la fotokopi, ukuta mzima ulikuwa umebandikwa matangazo ya vyumba, na saa saba ile ya mchana watu walikuwa wamejazana wakiyasoma shingo juu. Msichana mmoja mgeni alikuwa nyuma kabisa, na mkoba uliokatika mkanda mmoja, gauni la jinzi lililopauka mabegani, na raba ambazo asubuhi zilikuwa nyeupe. Alikuja mjini kutoka chuoni kwa miezi mitatu, kufanya mafunzo ya utafiti katika maabara ya maji. Siku ya nne ilikuwa imeingia na bado hajapata chumba cha kupanga.

"Usihangaike na hilo," sauti ikasema pembeni yake. "Kilishachukuliwa tangu juzi. Na hicho chenye karatasi ya bluu, choo chake kiko mtaa wa pili."

Aligeuka. Aliyesema alikuwa mwanamume wa shati la mikono mirefu lililonyooshwa pasi ya nguvu, viatu vilivyolika upande mmoja, na fungu la funguo kiunoni.

"Na wewe ni nani, mwenye ukuta?"

"Dalali. Wenzangu huniita Funguo. Unataka cha muda gani?"

"Miezi mitatu."

Funguo alivuta pumzi kama fundi aliyeletewa redio iliyoingia maji. "Dada yangu, msimu huu wa likizo? Wenye nyumba wanapangisha kwa siku, kwa wageni. Waliobaki wanataka kodi ya mwaka mzima mkononi. Mtu wa miezi mitatu wanamwona kama amekuja kusalimia."

"Basi kama huna, niache nisome ukuta."

"Sijasema sina. Nakupa pole tu."

Pole ile ilimwingia. Kwa siku nne watu walikuwa wamempa ramani, namba za simu na mawaidha, lakini pole hakuna aliyempa. Hosteli ya maabara ilikuwa imempa kitanda hadi Ijumaa tu. Msimamizi wake, mama mmoja asiyepoteza maneno, alikwisha kumwambia: "Ijumaa uje na anwani ya unapokaa. Usipokuja nayo, nafasi yako ina wengine watano wanaoisubiri."

Kwa siku tatu walizunguka. Funguo mbele, yeye nyuma, ngazi juu ngazi chini. Kila chumba walichoingia alikwenda kwanza kwenye bomba, akakinga maji kwenye kichupa, akaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Ndiyo kazi iliyomleta: kupima maji ya mabomba ya mji.

"Umekuja kupanga au kuonja?" Funguo alimtania.

"Angalau maji yenu hayanidanganyi. Hiki ulisema kina dirisha."

"Si hilo hapo?"

"Hilo ni tundu la feni, Funguo."

"Feni ikitolewa, linakuwa dirisha, Dokta."

Alicheka, na akashangaa kusikia kicheko chake mwenyewe. Lakini Alhamisi jioni, chumba cha kumi na moja kilipopewa mtu mwingine wakiwa bado ngazini, aliketi palepale kwenye ngazi akalia bila sauti. Miguu ilimuuma hadi nyongani.

"Nitarudi nyumbani," alisema. "Nimechoka."

Funguo alichagua ufunguo mmoja kwenye fungu lake. "Kesho asubuhi kuna kimoja," akasema. "Nilikuwa sijakifikiria."

Kilikuwa ghorofa ya kwanza, kwenye nyumba ya vyumba sita vilivyozunguka uwanja wenye bomba moja. Kitanda kipo, chandarua kipo, dirisha la kweli lipo. Hata kabati lilikuwepo, nusu yake imefungwa kwa kufuli.

"Mbona bei yake nafuu hivi?"

"Mpangaji wake kasafiri. Hataki kikae kitupu."

Ijumaa hiyo saa nne alimpelekea msimamizi anwani. Jioni akalala akiwa na viatu.

Tangu hapo Funguo akawa anapiga simu kila siku saa kumi na mbili jioni.

"Dokta. Maji yanatoka?"

"Yanatoka kidogo."

"Ukilifungua lile bomba, linyanyue kwanza. Limelegea shingoni."

"Wewe unajua mpaka shingo za mabomba?"

"Dalali mzuri anajua nyumba zake. Umekula?"

"Nitakula."

"Hiyo 'nitakula' naijua. Shuka, nipo hapa nje."

Akishuka anamkuta kasimama kando ya lango, shati limenyooshwa vilevile, macho mekundu kwa uchovu, akipiga miayo kwa kificho. Walitembea taratibu hadi kona na kurudi, wakisimuliana siku zao: yeye vichupa vilivyovunjika, Funguo wateja waliotaka ikulu kwa bei ya banda. Majirani waliwasalimu kwa tabasamu pana kupita kiasi. Kufikia wiki ya tano alikuwa anampenda Funguo, na alijua. Ilipofika saa kumi na mbili kasorobo alikuwa anatazama simu hata kama mikono yake ina dawa za maabara.

Wiki ya sita zamu ya kupimwa ilifika kwenye nyumba aliyokaa yeye mwenyewe. Kila kichupa kilihitaji fomu yenye sahihi ya mpangaji halali. Kwa kuwa wa chumba chake alikuwa safarini, alimfuata mama mwenye nyumba amwandikie jina.

"Safarini wapi?" mama yule alicheka, akajifuta mikono kwenye kanga. "Mpangaji wa hapo ni Funguo, mwaka wa nne huu. Mwanangu, mbona unaniuliza kuhusu mchumba wako mwenyewe?"

"Mchumba?"

"Si ndivyo alivyoniambia? Sheria yangu anaijua, sitaki mtu anipangishie chumba changu kwa mtu mwingine. Akasema huyu si mtu mwingine, ni mchumba wangu."

"Mama, mimi si mchumba wa mtu yeyote. Mimi ni mpangaji."

Tabasamu la mama mwenye nyumba likaondoka. "Basi mmenidanganya wote wawili. Mwisho wa wiki ijayo nataka chumba changu."

Alimpigia Funguo simu akiwa bado uwanjani, fomu mkononi.

"Chumba ni chako."

"Dokta, ngoja nikueleze."

"Ni chako, ndiyo au siyo?"

"Ni changu."

"Na mimi ni mchumba wako."

"Hiyo nilimwambia mama tu ili akubali. Nia yangu haikuwa mbaya."

"Wiki sita nalala kwenye kitanda chako bila kujua! Na majirani wote wananichekea."

"Hawakucheki. Wanakupenda."

"Wanampenda mchumba wako. Mimi hawanijui."

Alikata simu. Ilipolia tena hakupokea, wala siku iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Alirudi kwenye ukuta wa fotokopi peke yake, jioni baada ya kazi, na kila aliyempigia alimwambia jambo lilelile: wiki tano ni chache. Msimamizi aliona fomu zimeandikwa hovyo akamuuliza kama anataka kuendelea au hataki. Alisema anataka. Hakuwa na hakika ataendeleaje.

Jumamosi, siku moja kabla ya kutoka, namba asiyoijua ikampigia.

"Wifi. Au nisikuite hivyo?"

"Nani mwenzangu?"

"Dada yake Funguo. Usiogope, sikupigii nimwombee msamaha, mimi mwenyewe nimemchoka. Wiki ya saba hii yuko kwenye kochi langu. Halali mpaka taarifa ya habari iishe, kisha tamthilia, kisha mume wangu amalize kubishana na televisheni. Alfajiri nataka kufagia, namwamsha. Ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Basi njoo kesho. Ukitaka kumgombeza, mgombeze ana kwa ana. Nimechoka kumwona anaitazama simu kana kwamba itaiva."

Jumapili saa tisa alisukuma mlango wa sebule ya dada yake Funguo. Funguo alikuwa amelala kwenye kochi fupi, miguu inaning'inia nje, soksi moja imetoboka kisiginoni. Shati lake lililonyooshwa lilitundikwa nyuma ya kiti. Maneno yote makali aliyoyapanga njiani yalikuwepo bado, lakini hakuwa na moyo wa kumwamsha mtu aliyechoka namna ile. Alivuta kiti, akasubiri.

"Umekuja lini?" Funguo alishtuka.

"Kitambo. Ulikuwa unakoroma kwa bidii, nikaona nisikuharibie kazi."

"Dokta, nisamehe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Ilikuwa haki yangu kukataa. Wewe ukaniamulia."

Funguo alijipangusa uso kwa viganja viwili. "Nilikuona unalia pale ngazini. Vyumba vilikuwa vimeniishia, kikabaki changu. Na ule uongo wa mchumba, siku ya kwanza ulikuwa uongo tu. Baadaye nikaanza kuufurahia. Hapo ndipo nilipokosea zaidi."

Alitoa karatasi chini ya mto wa kochi. "Chumba kwa fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima, kituo cha mwisho kabisa. Mbali, lakini kweli kipo. Nimemwambia ni wiki nne na ushee, na nimemwambia kwa nini unatoka ulipo. Mkataba una jina lako peke yako. Ukikataa, kataa."

Aliusoma mstari kwa mstari, kisha akausoma tena. Aliomba kalamu, akatia sahihi, akaukunja na kuuweka mkobani. Mafunzo yake atayamaliza.

"Baba alinipigia leo asubuhi," alisema bila kumtazama. "Nimemweleza habari zako."

"Umemwambia mimi ni mwongo?"

"Nimemwambia. Akasema mwongo anayetoa kitanda chake akalala kwenye kochi, hajapata kumsikia. Halafu akauliza huyo mwanamume anakaa wapi."

Funguo alicheka, kicheko kisicho na nguvu. "Mji mzima nimeupa vyumba. Mwambie natafuta. Natafuta cha watu wawili, kama huyo wa pili yupo."

Jikoni sufuria za dada mtu zilitulia ghafla.

"Yupo," akamwambia Funguo. "Ila amebakiza muhula mmoja chuoni, na akirudi asikukute kwenye kochi hili. Na hataki kuamuliwa. Kila chumba anakwenda kukiona mwenyewe, na akisema hapana ni hapana."

"Ni hapana." Funguo alikwisha kuketi, anapapasa viatu chini ya kochi. "Kuna kimoja nyuma ya soko, tukitoka sasa hivi tutamkuta mwenyewe kabla hajaondoka."

Alimshika bega akamrudisha taratibu.

"Lala kwanza, mpenzi. Tutatafuta kesho."

Funguo alibisha kidogo, kisha akalala.