Kadi ya Chumba Namba Nne

Maiti ilikuwa imekaa. Hilo ndilo lililomkera Inspekta.

Mtu akikosa pumzi hatulii. Hukimbilia mlango, huvunja dirisha, hugonga ukuta mpaka majirani watoke na mataulo. Huyu aliketi sakafuni, mgongo kitandani, simu mkononi, uso umegeuka zambarau, macho yameukodolea mlango kama abiria aliyeambiwa gari linakaribia.

"Alikuwa anasubiri mtu," Koplo alisema.

"Nani?"

"Ningemjua, si ningekuwa Inspekta mimi?"

Marehemu alikuwa mzee wa miaka sitini, mgeni wa kutoka nje, tena si mgeni wa hivi hivi. Yeye ndiye aliyeandika kile kitabu cha kuwaongoza watalii, kile ambacho kila aliyeshuka uwanja wa ndege alikuwa nacho kwapani. Plagi za nchi hii zina matundu mangapi. Maji gani unywe. Benki inafungwa saa ngapi. Nani usimwamini, na hapo orodha ilikuwa ndefu. Alikuja kukirekebisha kwa chapa mpya, akafikia kwenye nyumba hii ya wageni yenye vyumba sita, na siku yake ya tatu hakuimaliza.

Dereva wake ndiye aliyemkuta, saa tisa alasiri. Inspekta alimkalisha kwenye kiti cha korido.

"Ulimpenda marehemu?"

"Ampende nani? Soma ukurasa wa ishirini. Anasema madereva wa uwanjani ni fisi wenye usukani."

"Kwa hiyo ukamuua."

"Afande, ningemuua ningekuja kumwita kwa honi? Fisi hapigi honi."

Koplo alicheka. Inspekta hakucheka. Dereva alikuwa na mashahidi wanne, wote wa kijiwe cha teksi, wote walimwona akicheza bao toka saa sita. Akaachiwa.

Simu ya Inspekta ikalia. Alikuwa Mkubwa wake, na Mkubwa hakuwa na maneno mengi. Kasikia marehemu ana pumu. Basi iandikwe pumu, maiti isafiri kesho, jalada lifungwe. Watalii ni kama ndege, alisema, ukirusha jiwe moja mti mzima unabaki mtupu.

Na kweli ilionekana pumu. Daktari wa polisi alikuwa amepiga magoti kando ya maiti, akizungusha pampu ya dawa mkononi kama mtu anayekagua kiberiti.

"Hii haina kitu," alisema.

"Imeisha?"

"Haikuisha. Kichupa cha ndani kimetolewa. Na ya akiba kwenye begi, vile vile. Kakamua maganda mpaka kafa."

Daktari akauvuta mto wa kitandani, akachana mshono kwa mkasi. Manyoya ya kuku yakaruka, yakatua kwenye nywele za marehemu. Koplo alishatumwa vyumba vingine. Akarudi akisema mito yote mitano iliyobaki ni ya sponji. Akaleta na fomu ya mapokezi. Marehemu alikuwa ameijaza kwa mkono wake, herufi nadhifu kama za mwalimu: *Nina pumu kali. Tafadhali, mto wa manyoya hapana.*

Hiyo haikuwa pumu tena. Pumu haibadilishi mito.

Akaichukua simu ya marehemu. Toka saa nane na dakika tano mchana, namba moja, mara sita. Zote zilipokelewa. Akainua macho ukutani. Juu ya meza kulikuwa na kadi, kama zilivyo kadi za vyumba vya wageni: TAARIFA KWA MGENI. Umeme, volti 240. Maji ya bomba, chemsha. Duka la dawa, saa mbili hadi saa kumi na moja. Chini kabisa: *Dharura na ambulensi, piga namba hii. Ya zamani haitumiki tena.* Namba ilikuwa ile ile.

"Kapiga ambulensi mara sita na hawakuja?" Inspekta aliuliza.

Koplo alisogea, akaisoma kadi mara mbili. "Hii si ya ambulensi. Ya ambulensi tarakimu tatu, na jana tu nimeipiga. Walikuja dakika kumi."

"Kadi za vyumba vingine?"

"Zina tarakimu tatu."

Kwenye daftari la marehemu, tarehe ya leo, namba ya tarakimu tatu ilikuwa imekatwa kwa mstari ulionyooka. Pembeni kaandika ile ndefu, na maneno: *Mpya. Nimeambiwa na mwenyeji wakati wa chai. Iingie kwenye chapa mpya.*

Mwenyeji ni mmoja tu nyumba ile.

Walimwita Mama Funguo, kwa sababu alitembea na shada la funguo kiunoni na ukimsikia umeshajua yuko chumba gani. Miaka hamsini na kitu, aproni ya bluu, sauti ya kubembelezea mtoto. Alikuwa mapokezi, anapanga glasi. Wafanyakazi wote, alieleza, huenda mapumziko saa saba mpaka saa tisa. Alimwita Koplo mwanangu. Daktari naye mwanangu, na mvi zake zote. Inspekta akaitwa Afande.

"Nani hutandika chumba namba nne?"

"Mimi."

"Leo ulitandika saa ngapi?"

"Akiwa anakunywa chai."

"Kadi za ukutani anaandika nani?"

"Mimi, Afande. Kila kitu hapa mimi."

Alijibu bila kupepesa. Nyuma yake kulikuwa na rafu ya vitabu ambavyo wageni huviacha. Inspekta akakiona kile cha marehemu, chapa ya zamani, kimechakaa. Alipokishika kikafunguka chenyewe, kama mlango uliozoea mkono. Mstari mmoja ulikuwa umepigiwa wino mpaka karatasi ikatoboka.

*Ukimgonga mtu barabarani, usisimame. Watu wanaweza kukudhuru. Endesha moja kwa moja hadi kituo cha polisi kilicho karibu.*

Kidole cha Inspekta kikabaki juu ya mstari.

Aliujua mstari huo. Miaka tisa nyuma alikuwa konstebo, zamu ya kaunta, kituo cha njia panda. Mtalii aliingia anatetemeka, akakifungua kitabu hiki hiki juu ya kaunta, akaweka kidole hapa hapa. Kagonga mtu wa baiskeli kilomita arobaini nyuma. Na yeye, konstebo mpya, kalamu mpya, alimpa mgeni kiti, akampa soda, akamwandika maelezo kwanza. Kwa makini. Kurasa tatu. Ndipo akatuma gari.

Jalada lile lilizikwa likanyamaza. Likifunguliwa hili, lile nalo litafukuliwa, na mwandiko wake umo. Neno moja tu, pumu, lingemlaza usingizi yeye na Mama Funguo. Mkubwa alishampa ruhusa.

Mama Funguo alikuwa anamtazama, glasi mkononi, hana haraka. Inspekta akanyanyua simu ya mezani, akabonyeza ile namba ndefu, tarakimu kwa tarakimu.

Ikaita kwenye mfuko wa aproni.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Koplo alinong'ona, lakini utani ulimfia mdomoni.

Mama Funguo akaitoa. Kisimu cha zamani, cha vitufe, kimefungwa raba. Akaiacha iite mpaka ikachoka.

"Kwa nini hukuitupa?" Inspekta aliuliza.

"Laini ya mwanangu. Naitupaje?"

Alivua aproni, akaikunja mara nne, akakaa. Inspekta akamsomea haki zake. Akatoa karatasi za maelezo ya onyo. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na moja na robo.

Mama Funguo alieleza kama anayesoma bei za vyumba. Kijana wake alikuwa na miaka kumi na tisa, akisambaza mayai kwa baiskeli. Gari lilimpiga, likasimama. Alikuwa na simu hii. Akampigia mama yake.

"Alisema, 'Mama, mgeni kasimama. Anasoma kitabu.' Nikamwambia mshukuru Mungu, anatafuta namba ya ambulensi. Akanyamaza kidogo. Akasema, 'Mama, kamaliza kusoma. Ameondoka.'"

Koplo akageukia dirishani.

Alimwandikia barua mwandishi, aliendelea. Miaka na miaka. Kumwomba autoe mstari ule tu, hata neno lingine asiguse. Alijibiwa kwa adabu, na chapa iliyofuata mstari ukaandikwa kwa wino mzito. Basi akabadili barua: njoo uione nyumba yetu, uiweke kitabuni. Akaja. Jana, kwenye chakula cha jioni, alimuuliza uso kwa uso.

"Akasemaje?"

"Akafuta mdomo. Akasema, 'Mama, huo ndio mstari unaookoa maisha.' Nikamwongeza supu."

"Ungeweza kuja polisi."

Mama Funguo alimtazama mpaka Inspekta akarudisha macho kwenye karatasi.

"Alipopiga mara ya kwanza nilikuwa nakausha sahani. Nikamwambia ambulensi iko njiani, asitoke chumbani, asijichoshe. Akasema asante. Mtu wa maelekezo, yule. Ukimwambia kaa, anakaa. Kila alipopiga nikamwambia iko njiani. Mara ya sita hakusema kitu, nilisikia filimbi ya kifua tu. Nikamsomea mstari wake. Wote, pole pole, mpaka filimbi ikakoma."

"Ulijisikiaje?" Koplo aliuliza. Hakutakiwa kuuliza.

"Niliendelea na sahani, mwanangu."

Simu ya Inspekta ilitetema mezani. Mkubwa. Hakuigusa. Alikuwa amefika pale pa kuandika kwamba mgongaji aliripoti kituoni, na gari la polisi likachelewa. Kalamu ikasita. Akaandika: *kutokana na askari wa zamu.*

"Askari wa zamu ana jina," Mama Funguo alisema. "Siku ile nilipewa maelezo yako nikayasoma. Saa uliziandika vizuri sana. Saa uliyoanza, saa uliyomaliza. Daktari aliniambia gari lenu lilipomfikia, damu ya mwanangu ilikuwa bado ya moto."

Koplo akageuka kutoka dirishani. Akamwangalia Inspekta, akasubiri acheke, akatae, afoke. Inspekta akakata maneno yale kwa mstari ulionyooka. Akaandika jina lake, majina yote matatu na namba yake ya uaskari. Kisha akaandika yaliyobaki, akamsomea tangu mwanzo, akamsogezea kalamu.

Mama Funguo akatia sahihi kila ukurasa, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika tano.

Akafungua shada la funguo kiunoni, akaliweka mezani, akanyoosha mikono apigwe pingu.

"Dakika arobaini," alisema. "Mwendo wako ni ule ule, Afande."