Mmea Usioshukuriwa

Mbwa ndiye aliyeona kwanza. Kila mwaka, Jumapili ya pili baada ya Pasaka, akina Orval walipanda msituni kutazama maua, na mbwa wao alitangulia mbio. Mwaka ule alifika kwenye mwaloni uliopigwa radi, akaketi, akagoma. Hakubweka. Alirudi kinyumenyume, kama mtu asiyetaka kumpa adui mgongo.

"Amezeeka," Orval akacheka. "Anataka abebwe kama Lettie."

Idella, mkewe, akatabasamu. Alikuwa na miaka mitano katika bonde lile la milima ya West Virginia, lakini mama mkwe wake, Bi Vergie, bado alimwita "yule wa mjini". Hakuwahi kumshukuru kwa lolote. Si kwa mikate, si kwa nguo alizomfulia alipovunjika mkono, si hata kwa mjukuu.

Miti ilikuwa bado haijafunga majani, jua likapenya mpaka chini, na maua meupe ya petali tatu yalitanda mteremko mzima kama nguo zilizoanikwa. Lettie, mwenye miaka minne, alichuma ua moja ambalo shina lake hutoa utomvu mwekundu. Akainua mkono.

"Mama, nimelitoa damu!"

"Basi liombe radhi," Idella akamwambia, na mtoto akaliomba radhi ua. Orval alikuwa anachimba vitunguu pori vya chakula cha jioni, harufu yake ikawafuata njia nzima.

Walipofika penye dohani ya mawe, iliyobaki peke yake baada ya nyumba kuoza, walimkuta mwanamke amechutama. Alivaa gauni la kijivu na kofia ya kitambaa iliyoficha nusu ya uso. Ardhi yote mbele yake ilifunikwa na mmea unaotambaa, wenye majani ya kung'aa na maua ya samawati. Bi Vergie, aliyepanda pamoja nao, akamsalimu, akidhani ni mtu wa ng'ambo ya mlima. Mwanamke hakuitika. Aling'oa fungu la mmea pamoja na mizizi yake, akamkabidhi Idella. Vidole vyake vilikuwa baridi, na kucha zimejaa udongo. Macho yake yalikuwa kwa Lettie.

Idella akafungua kinywa ashukuru. Bi Vergie akamfinya mkono.

"Nyamaza! Huku mtu hashukuriwi kwa mmea. Ukishukuru tu, mmea unakufa. Huko mjini hamfundishwi kitu?"

Idella akalimeza neno lake kwa aibu. Alipoinua macho, mwanamke hakuwapo.

"Ana miguu myepesi huyo," Orval akasema, lakini hakucheka.

Jioni ile Idella alipanda mmea kando ya ngazi za mlango. Siku ya tatu ulikuwa umeshapanda ngazi mbili. Sebuleni pakaanza kunuka majivu baridi na udongo wa chini. Kisha zikaja sauti: mtu akiimba kwa midomo iliyofumbwa, chini ya mbao za ngazi, na kucha zikikwaruza polepole.

Siku ya nne, mchana, Lettie aliketi mezani akasema, "Wewe, nipe mkate."

"Unamwambia nani 'wewe'?" Idella akauliza. "Mimi ni nani wako?"

"Wewe unapika." Mtoto akaelekeza kidole mlangoni. "Mama yuko pale."

Idella akacheka kidogo, kama mtu anavyocheka akiogopa, akatoka nje kuanua nguo ili mtoto asimwone akilia, na jua lilikuwa kali, na ndege walikuwa wanalia, na bado alipogeuka aliona Lettie amelala kifudifudi juu ya ngazi, shavu limebanwa kwenye mbao, midomo ikienda taratibu, na kutoka katika upenyo wa mbao kidole kimoja cha kijivu kilikuwa kinampapasa nywele, kwa upole, kama mama anavyomchana mwanawe asubuhi ya kanisa.

Alimnyakua mtoto. Lettie alimpiga ngumi na kumng'ata njia nzima mpaka kwa Shangazi Zona, mkunga mzee aliyejua dawa za bonde lile na mambo mengine yasiyosemwa kanisani.

Zona akasikiliza hadi mwisho. Kisha akashusha sauti. "Penye ile dohani amezikwa mwanamke aliyekufa na mtoto tumboni. Ndugu zake hawakuwa na uwezo wa jiwe la kaburi, wakampandia ule mmea. Ndio alama ya makaburi ya maskini msituni humu. Wengi wamesahau."

"Anataka nini kwangu?"

"Amekupa kilicho chake, nawe hukumpa hata neno. Sasa anajilipa. Si ndiyo mila yetu, mmea usioshukuriwa hushika mizizi? Naye ameshika pamoja nao." Akamkazia macho. "Panda mlimani mchana, jua likiwa utosini. Mshukuru kwa sauti. Mmea utakufa, naye atakosa njia. Ukiitwa, usigeuke. Na kama kuna uliyempa kipande, naye lazima akushukuru wewe."

"Sijampa mtu."

Kesho yake Idella alipanda mlimani peke yake. Akasimama mbele ya dohani.

"Asante," akasema. "Asante kwa mmea."

Msitu ukanyamaza ghafla. Aliposhika njia ya kurudi, nyuma yake sauti ikaita, "Mama!" Ilikuwa sauti ya Lettie, ikiwa na kilio ndani yake, na lilikuwa ndilo neno aliloliomba tangu mchana wa jana, na liliita tena na tena, karibu zaidi kila mara, hadi alihisi pumzi ya baridi kisogoni na harufu ya majivu puani, naye akauma mdomo hadi damu, akateremka bila kugeuka.

Nyumbani, mmea ulikuwa mweusi kama uliomwagiwa maji ya moto. Lettie alisimama mlangoni.

"Mama, nina njaa."

Idella alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika.

Walikaa siku mbili za amani. Siku ya tatu, alasiri, Lettie hakuonekana. Idella alivuka kijito mbio hadi nyumbani kwa Bi Vergie. Harufu ya majivu ilimpokea mlangoni.

Mtoto aliketi chini ya dirisha, amewapa mgongo. Juu yake, kwenye beseni la bati, mmea ulikuwa umefurika, umeshuka ukutani, umetambaa hadi sakafuni na kumzunguka. Bi Vergie alijikunyata kitini, uso umesawajika.

"Anakwaruza chini ya sakafu," akanong'ona. "Tangu juzi. Mwite mwanao, mimi haniitikii."

"Nishukuru, mama," Idella akasema.

"Nini?"

"Nishukuru kwa huo mmea! Zona amesema. Sema tu, mmea utakufa."

Bi Vergie akatazama mjukuu wake, akatazama majani. Kiburi cha miaka mitano kilimwanguka usoni mbele ya mkwewe. Akateremka kitini, akapiga magoti, akamshika Idella mikono yote miwili.

"Asante, mwanangu. Asante. Kwa huu, na kwa yote."

Wakasubiri. Hakuna jani lililojikunja. Chini ya dirisha, chipukizi moja likafunguka taratibu, la samawati.

Idella akaitoa mikono yake. "Mama, mmea huu nilikupa lini?"

Bi Vergie akainamisha kichwa.

"Mmea wa kuiba ndio unaoshika zaidi," akasema kwa sauti isiyosikika vizuri. "Ndivyo tulivyolelewa. Niliuchomoa kwenye ngazi zako alfajiri ile ya kwanza, mlipokuwa mmelala."

Hakuna aliyeutoa. Basi hakukuwa na wa kushukuriwa.

Chini ya sakafu mtu akaanza kuimba kwa midomo iliyofumbwa, na sauti ndogo ikaimba pamoja naye. Idella akamwita mwanawe mara tatu. Mara ya tatu Lettie akaacha kuimba, lakini hakugeuka.

"Wewe," akasema, "funga mlango. Mama anasikia baridi."