Gari Iliyonyweshwa Marashi

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema, msije mkahangaika kumtafuta. Rafiki yangu Mbarouk alinisaidia sana, lakini gari ilikuwa yangu, na mkono ulioshika chupa ulikuwa wangu.

Mimi naitwa Shaame. Nakaa mtaa wa Ng'ambo, na kazi yangu ni kuchukua watu. Asubuhi nawachukua wageni Mji Mkongwe, nawapeleka pwani. Jioni nawarejesha. Gari yangu ni ya dizeli, ya viti kumi na vinne. Imetumika nchi za watu kabla ya kunifikia, lakini naipenda. Kila alfajiri naiosha, nafuta vioo, halafu ndio nakunywa chai. Mke wangu Rukaiya husema laiti angezaliwa gari, angetunzwa vizuri zaidi.

Kumbe nilikuwa naiosha uso tu. Tumboni sikuwahi kuitazama.

Gari hiyo ina vifuniko viwili. Kimoja ni cheusi, cha dizeli. Kingine ni cha buluu. Hicho cha buluu sikuwa na habari nacho. Aliyeniuzia aliniambia mna maji humo, na yakipungua gari itasema yenyewe.

Basi ikasema. Wiki ya harusi ya binti yangu Nadra, taa ya manjano iliwaka karibu na usukani, na maneno ya Kiingereza chini yake. Nadra akanisomea: maji ya kusafishia moshi yanakaribia kwisha, jaza.

Jumamosi ndiyo siku tuliyopanga kumpeleka Nadra kwa mumewe, Bwejuu. Nilishawaahidi wakwe kwamba wanawake watakaomsindikiza watapanda gari ya baba yake, si ya kukodi. Neno hilo nililisema kwa sauti, na kifua mbele.

Jioni, barazani, nikauliza maji hayo yanauzwa wapi. Mbarouk alikuwa anakunywa kahawa. Mbarouk anauza viatu Darajani, na hakuna jambo duniani asilolijua. Akaweka kikombe chini.

"Usiyaguse, Shaame. Yale ni mkojo wa nguruwe."

Mbarouk akasema amelisikia kwa mtu aliyekaa Ulaya, na Ulaya ndiko yanakotoka. Akaniuliza kama kweli nitampakia biharusi, na nguo zake za harusi, juu ya tangi la najisi.

Mimi hucheka kila kitu mtaani petu, lakini hilo halikunichekesha. Watu wakisikia gari ya Shaame ina najisi, nani atapanda? Na wanangu watakula nini?

Tukakata shauri wenyewe. Mbarouk akasema maji ni maji. Nikanunua maji ya chupa, safi, ya kunywa. Mbarouk akashika faneli, nami nikafungua kifuniko cha buluu, nikajaza hadi juu. Na kwa kuwa harusi ilikuwa karibu, nikamalizia na marashi ya mawaridi. Taa ikazimika. Tukapeana mikono kama watu waliojenga daraja.

Kesho yake taa ikarudi. Sasa ilikuwa nyekundu, na mlio juu yake. Nadra akasoma, uso ukambadilika.

"Baba, inasema maji haya siyo. Ukiendelea hivi, itafika pahala ukiizima haitowaka tena."

Nikamwambia gari nazo zimeanza ujuvi, kama watoto wa siku hizi. Nikaendelea na safari zangu. Nungwi nilikwenda, Paje nilikwenda, Kizimkazi nilikwenda. Kila nikifika namwambia Mbarouk kwa simu: unaona?

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, tulikwenda mimi na yeye sokoni Bububu kuchukua nazi. Tukazipakia. Nikawasha gari. Taa zinawaka, redio inaimba, injini haisemi kitu. Nikajaribu tena. Nikasoma dua, nikajaribu tena. Mbarouk akashauri niipige tairi teke. Nikaipiga, na mguu ukaniuma.

Hapo mzaha ukaniisha. Kesho wakwe watakuwa barazani kwao, wanaitazama njia.

Watu wa pale sokoni wakatusukuma hadi gereji ya Shariffa, mbele kidogo. Shariffa ni fundi wa dizeli. Kazi aliisomea Maskati, na sauti yake huisikia kabla hujaiona gereji yake. Aliniamkia vizuri, shikamoo ami, nami nikaitika marahaba kwa unyonge. Akatazama taa. Akafungua kifuniko cha buluu, akainama, akanusa. Akanusa tena.

"Ami Shaame, kesho anaolewa mwanao au gari?"

Nikamueleza yote. Shariffa alicheka hadi akakaa juu ya tairi. Alipomaliza kucheka, akatufundisha.

Alisema moshi wa dizeli una sumu inayoumiza vifua vya watu, hasa kwenye njia nyembamba kama za Mji Mkongwe. Gari za siku hizi zimetengenezwa ziisafishe sumu hiyo kabla haijatoka. Maji ya tangi la buluu, ambayo mafundi wanayaita adiblu, si mafuta na hayaingii kwenye injini. Yanarushwa kidogo kidogo ndani ya ekzosi, kwenye moto. Huko yanaigeuza ile sumu ikawa hewa ya kawaida na mvuke.

"Na gari inajua," akasema. "Inayapima. Ukiitilia maji ya kunywa, inaona moshi bado mchafu. Itakuonya, itakuonya, halafu itagoma. Na maji ya chupa yana chumvi zake. Zikiganda zinaziba kile kitundu cha kurushia. Marashi ndiyo usiseme."

Mbarouk akamkatiza. Akataka kujua hayo adiblu yanatengenezwa kwa nini, kama si mkojo.

"Kwa urea na maji yasiyo chumvi hata kidogo," Shariffa akamjibu. "Urea imo kwenye mkojo, kweli, hata wako. Lakini hii inatengenezwa kiwandani kwa gesi. Hamna mnyama humo. Hebu fikiri, kaka Mbarouk. Gari za dunia nzima, nani atafuga nguruwe wote hao? Na atawakojolesha vipi?"

Akasema urea ndiyo ile mbolea nyeupe wanayotia wakulima wa mpunga. Mimi nikaona hapo pana njia rahisi. Nikauliza kama naweza kukoroga mbolea mwenyewe nyumbani. Shariffa akanitazama kama mtu anayetazama tairi lililopasuka. Mbolea ya shamba ina uchafu wake, alisema, itaua mfumo mzima. Ninunue dumu lililofungwa, nitazame tarehe yake, niliweke kivulini kwa sababu jua letu linayaharibu. Faneli yake iwe peke yake, isiguse dizeli wala oili. Yakimwagika, nisuuze kwa maji. Na nisije nikayatia kwenye tangi la dizeli hata kwa bahati mbaya. Ikitokea, nisiwashe gari kabisa, nimwite fundi.

Alilitoa tangi maji yote, akalisafisha, akakisafisha na kile kitundu. Akajaza adiblu. Kisha akaunganisha mashine yake ya kupimia, akafuta lile kosa.

Hakuishia hapo. Alinionyesha oili ya injini, imekuwa nzito na nyeusi kama lami. Filta ya dizeli ilikuwa na maji chini yake. Filta ya hewa ilijaa vumbi la njia za shamba. Akabadilisha vyote. Akaniambia vitu hivyo havingoji taa. Kila nikibadilisha oili, kwa muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari, nitazame na filta, na tangi la buluu nilijaze kabla halijalia.

"Washa, ami."

Nikawasha. Injini ikaitika naam, mara moja tu. Nilishuka nikaizunguka gari yangu nikicheka peke yangu. Mbarouk alirudi mjini kwa gari ya watu. Alisema yeye hapandi juu ya najisi.

Jumamosi tuliondoka Ng'ambo kwa vigelegele. Nadra kakaa mbele na somo yake aliyemfunda, wanawake nyuma wamejaa, wanaimba. Gari ilikwenda laini, haikukohoa, na nyuma yetu hapakuwa na moshi. Taa zote zimezimika. Bwejuu tulifika kabla wakwe hawajatutarajia, na baba mkwe wa Nadra akatoka na kiatu kimoja mguuni. Kifua changu kikarudi mbele.

Watu walikula. Mchele wa karamu ulitolewa na mama yake Rukaiya, Bi Mwanapili, anayelima mpunga Cheju. Mbarouk alikuja na vespa yake, na chakula hakukisusa. Wakati wa kurudi, wanawake wakaja kupanda gari. Mbarouk akasimama mlangoni, sahani mkononi, akawatangazia kuna nini chini ya viti. Wengine wakarudi nyuma. Nikawaeleza aliyosema Shariffa. Mbarouk akasema urea ni urea, na urea ni nguruwe. Nikaona kazi yangu inaondoka mbele ya macho yangu, siku ya harusi ya mwanangu.

Bi Mwanapili alikuwa wa mwisho kwenye msafara. Akampita Mbarouk, akapanda, akakaa kiti cha mbele, akatengeneza buibui lake.

"Mbarouk, urea hiyo hiyo nnaitia mpunga wangu kila mwaka, kwa mikono yangu hii. Wali wake ndio huo, na hiyo ni sahani yako ya tatu. Ikiwa urea ni nguruwe, basi ushamla."