Marashi Yana Mwenyewe

Kitu cha kwanza alichokiona Wilner ni kwamba chupa haipungui.

Alikuwa anajipaka kila Jumapili kabla ya ibada, na wala hakuwa mtu wa kujipaka kidogo. Wilner Desrosiers, tuseme ukweli, ni mtu wa kujipenda: shingoni, nyuma ya masikio, viganjani, mpaka kwenye leso. Alipoirithi ile chupa ilikuwa robo tu. Majani yakapukutika, theluji ikaanza kuzika magari hapa kwetu Montréal-Nord, Kanada, na marashi yakawa yamefika nusu.

"Guerda, umeongeza kitu humu?"

"Niongeze nini, maji ya bomba?" mkewe akamjibu kutoka jikoni, alikokuwa anakaanga ndizi. "Na nani atathubutu kuigusa, jinsi unavyoilinda kama yai?"

Akacheka, akaamua kwamba macho yanamdanganya.

Ilikuwa chupa ya kizamani, kioo kizito cha kijani, kifuniko cha chuma kimechubuka, karatasi ya jina imefutika yote. Baba yake, mzee Odilon, alikuja nayo kutoka mji wa Jérémie enzi zile vijana wa Haiti walipokuja huku kuendesha teksi na kutukanwa na abiria. Ilikaa juu ya kabati na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuinyooshea hata kidole. Jumamosi fulanifulani mzee alijifungia chumbani, na Wilner akapelekwa kwa jirani. Akirudi, nyumba nzima inanukia: ndimu, tumbaku, na kitu kingine kitamu kama ua linaloanza kuoza. Mtoto akakua, akajumlisha mwenyewe: mzee ana mwanamke. Siku ya kumzika mama yake alimwambia mbele za watu, "Sasa huna haja ya kujificha. Kajipake marashi yako, uende kwa malaya wako." Mzee Odilon alimtazama tu, akavaa kofia yake, akatoka.

Baadaye Wilner akaokoka, akawa shemasi, tena shemasi mwenye sauti, kwenye lile kanisa letu ambalo zamani lilikuwa duka la mazulia. Baba yake akawa aibu yake. Mzee alipokuwa anakata roho hospitalini alimshika mwanawe mkono, akamwita kwa jina la utotoni. "Tiwil, ile chupa nakuachia wewe. Lakini sikiliza, mwanangu, usije uka—" Wazee wa kanisa walikuwa wamesimama pale na Biblia zao, na Wilner, akihofia baba asije akaropoka mambo ya majini ya nyumbani, akamkatiza: "Baba, usijichoshe. Pumzika." Mzee akapumzika kweli.

Kisha likaja lile la shangazi. Célianne, dada yake Odilon, alifika siku ya maziko amefunga kilemba cheupe, akaomba aachwe kidogo na kaka yake kabla jeneza halijafungwa. Wote tulijua anataka kufanya nini. Mtu aliyemtumikia jini wa ukoo hazikwi hivihivi. Kichwa chake lazima kisemeshwe, jini aagwe, atoke, aambiwe aende kwa nani. Wilner akasimama mlangoni, mkono kwenye fremu.

"Shangazi, mambo hayo yaliishia kwenu. Hapa ni watu wa Mungu."

"Ni dakika mbili tu, mwanangu. Usimfungie kaka yangu njia."

"Nimesema hapana."

Bibi wa watu akasimama nje kwenye baridi mpaka gari la maiti likaondoka. Mimi nilikuwepo, na hakuna aliyemtetea.

Sasa tuje kwa Naïka. Ni binti yao wa pekee, darasa la nne, mtoto wa maneno mengi kuliko redio. Siku moja alirudi kutoka shule akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha babu yake dirishani, koti bado mwilini, akaanza kugonga kioo kwa kidole. Tok, tok. Tok, tok. Guerda aliyekuwa anachambua maharage alishtuka, maana ule haukuwa mlio wa kidole. Ulikuwa mlio wa pete, kama mzee Odilon alivyokuwa akigonga usukani wa teksi yake kwenye taa nyekundu.

"Naïka, unafanya nini?"

"Nangoja."

"Unamngoja nani?"

"Mtu afungue."

Guerda akamshika mkono. Vidole vilikuwa vitupu, na vya baridi mno kwa nyumba yenye joto. Na kutoka kwenye nywele za mtoto, nywele alizozisuka mwenyewe kwa mafuta ya nyonyo, ikamjia ile harufu: ndimu, tumbaku, na ua linalooza.

"Umempaka mtoto marashi yako?" alimuuliza mumewe aliporudi.

"Mimi? Sijamgusa."

"Basi anajipaka mwenyewe. Ifungie kabatini hiyo chupa, Wilner. Nakwambia kwa wema."

Akaifungia, ufunguo akautia mfukoni. Haikusaidia. Harufu ikahamia kwenye mvuke wa birika, ikaingia kwenye mkate, na mwishowe hata maji ya kuogea yakawa yanatoka bombani yananukia mzee. Naïka akaacha kula. Alitaka kahawa chungu tu, na alipokwenda chooni alilivuta guu la kushoto, kama babu yake alivyolivuta alipopata ajali ya teksi kwenye daraja la Jacques-Cartier, akapona Guerda akiwa bado hajaolewa. Homa ikampanda. Hospitali wakampima damu, mkojo, mapafu, wakasema hawaoni kitu, wakamrudisha nyumbani na dawa ya maji ya rangi ya waridi. Mtoto akaisha mwili mpaka kola ya gauni ikawa inamwangukia begani.

Kanisa likaja kuomba. Sebule ilijaa, mchungaji akaweka mkono kwenye paji la Naïka, na katikati ya zile amina mtoto akafungua jicho moja, akamtazama baba yake, akasema kwa sauti nene, ya taratibu, yenye mikwaruzo ya sigara:

"Tiwil. Waambie ulivyonifungia mlango."

Watu wakamgeukia Wilner. Angeweza kusema. Alikuwa na nafasi, mbele ya watu walewale aliowaogopa siku ile, na akasema, "Homa inamwongelesha, ndugu zangu. Tuendelee." Guerda alimtazama kwa namna ambayo mke hamtazami mume.

Kesho yake theluji ilimwagika tangu asubuhi. Ilipofika saa kumi jioni giza lilikuwa limeshaingia, barabara zimefungwa, na Naïka akawa anapumua kwa kukatakata. Hapo shemasi akashika simu.

"Shangazi," alisema kwa kunong'ona, kana kwamba kuna mtu anamsikiliza. "Ni mimi. Mtoto ananiishia mikononi."

"Ananukia?"

"Umejuaje?"

"Chupa ya kijani iko wapi, Wilner?"

"Ninayo. Nimekuwa... nimekuwa naipaka."

Upande wa pili bibi akavuta pumzi ndefu. "Toba! Unaipaka? Marashi yale yana mwenyewe. Babu yako alimtumikia, na baba yako akamtumikia. Siku yake ikifika anafunguliwa chupa, anamiminiwa tone sakafuni, anawashiwa mshumaa, basi. Hapakwi mtu. Ulidhani kaka yangu alikuwa anajifungia na nani zile Jumamosi?"

Wilner akakaa chini ya ukuta. Miaka yote ile. Mbele ya jeneza la mama yake.

"Sikiliza," shangazi akaendelea. "Nakuja, hata kama ni kwa kutambaa. Mpaka nifike, usiongee na huyo aliye ndani ya mtoto. Akikuita, usiitike. Akikuomba kitu, usimpe. Akilia, mwache alie. Mengine nitakwambia huko."

Akarudi chumbani. Guerda alikuwa amemkumbatia mtoto, midomo inamcheza kwa sala. Taa ilikuwa inawaka lakini mwanga wake umekuwa kama wa kijani, na kile kitu kitamu kilichooza kilikuwa kimejaa chumbani mpaka ulimi unakisikia. Kisha ikaanza: tok, tok, kwenye kioo cha dirisha. Naïka alikuwa mikononi mwa mama yake, mikono yote miwili ndani ya blanketi.

"Tiwil," ikasema ile sauti kutoka kinywani mwa mtoto. "Baridi, mwanangu."

Wilner akauma meno.

"Umeniacha nje. Sina pa kwenda. Hapa kwa huyu mtoto ni padogo, nambana, naye ananibana. Nitamvunja bila kupenda."

"Usimjibu!" Guerda akanong'ona. "Shangazi kakwambia nini? Usimjibu, nakuomba!"

"Sitaki kikubwa, Tiwil. Sema ulichofanya. Sema, halafu uniite, nije kwako."

Angenyamaza kama angekuwa mtu asiye na deni moyoni, lakini tok, tok iliendelea, na kifua cha mtoto kikainuka, kikakaa juu muda mrefu kupita kiasi, kikashuka, kikakawia kuinuka tena, na Guerda akaanza kumtikisa na kumwita, Naïka, Naïka wangu, na Wilner akaona mbele yake uso wa baba yake siku ile ya mazishi ya mama, mzee amesimama na kofia mkononi hajitetei, hamwambii mwanawe umekosea, na akaona ule mdomo uliokauka hospitalini unaotaka kumalizia neno moja tu, na kilemba cheupe cha bibi kizee kwenye baridi, na mkono wake mwenyewe kwenye fremu ya mlango.

"Baba, nilikuonea haya!" alilia. "Nilijua Shangazi anataka nini, nilijua, na nikakuzuilia kwa sababu watu wa kanisa walikuwa wananitazama! Nilikutukana kwa kitu nisichokijua. Ulitaka kuniambia nikakuziba mdomo. Nisamehe, baba. Mwache mtoto. Njoo kwangu, njoo, nisamehe tu."

Kugonga kukakoma.

"Nimekusamehe, mwanangu," ikasema sauti, kwa upole ambao Wilner alikuwa ameutamani tangu utotoni. "Ilete chupa. Mimina yote kichwani."

Guerda alimshika shati, likachanika. Wilner akafungua kabati. Chupa ilikuwa imejaa mpaka shingoni, na ina joto. Akaimimina utosini akilia na kucheka, yakamtiririka machoni, mdomoni, kifuani, na hayakumwasha hata kidogo. Kitandani Naïka akakohoa, akageuka, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ya kitoto na ya kulalamika:

"Mama, nina njaa."

Jamani, ile furaha! Harufu ilikatika kama imezimwa na mtu. Guerda akapasha moto wali na maharage, mtoto akala kwa mkono, jasho linamtoka, homa imekwisha. Hata Guerda akasahau hasira, akamfuta mumewe uso kwa kanga. Walikuwa mezani hivyo wakati Shangazi Célianne alipogonga, theluji mpaka magotini, amepewa lifti na dereva wa gari la kuzoa theluji.

Akamtazama Naïka, akatabasamu. Akanusa hewa. Tabasamu likaondoka.

"Umeongea naye."

"Shangazi, yamekwisha! Nilimwomba baba msamaha. Amenisamehe! Nimemsikia kwa masikio yangu, sauti yake ileile."

Bibi akavua glavu taratibu, akaziweka mezani.

"Wilner. Siku ile watu walipoondoka makaburini nilirudi peke yangu. Nililala juu ya udongo wa kaburi, nikamsemesha kaka yangu mpaka akaondoka. Aliondoka kimya, hakutaja jina lako wala la mtu yeyote. Odilon hayumo humu. Hajawahi kuwemo."

"Lakini aliniita Tiwil. Alijua habari ya mlango."

"Mwenye marashi, yule jini wa ukoo, amekaa na baba yako zaidi ya miaka hamsini. Anajua kila kitu. Alikuwa anatafuta kichwa cha kukalia, na cha mtoto hakimtoshi. Kwenye kichwa cha mtu mzima haingii bila kukaribishwa kwa kinywa."

Guerda akamvuta Naïka kutoka kitini, akarudi naye nyuma mpaka ukutani.

"Basi aliyenisamehe ni nani?" Wilner akauliza. Sauti ilimtoka ndogo kama ya mtoto aliyepotea sokoni. "Shangazi, baba yangu amenisamehe au hajanisamehe?"

Célianne alimtazama machoni, akitafuta kitu, na ni kama alikipata, kwa maana alikishusha kilemba chake begani, akapiga goti kwa taabu pale sakafuni, yeye bibi wa miaka themanini mbele ya mtoto wa kaka yake, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," alisema.

Wilner akafungua mdomo kumwambia ainuke, anamtia aibu, na badala yake akamsikia mtu, ndani ya kifua chake, akisafisha koo bila haraka.

"Marahaba."