Si wa Parokia Yetu

Mjukuu wangu Philippa Tapscott alinipitia kwenye ofisi ya nyaraka jioni moja ya Novemba, kabla giza halijaingia. Mimba yake ilikuwa imefikia mwezi wa nane. Tumbo liligusa usukani.

"Babu, umeshiba wafu wako leo?"

"Nimempata mmoja ambaye ni heri ningemkosa."

Chini ya sheria ya zamani ya maskini, kila parokia ililisha watu wake tu, na mtoto asiye na baba alihesabiwa wa mahali alipozaliwa. Kwa hiyo mwanamke mgeni mwenye mimba alifukuzwa mapema, asije akawaachia mdomo wa kulisha. Katika nyaraka za Combe Ashway nilikuta habari za Susannah Prewett, mtumishi wa ndani. Alipakiwa kwenye mkokoteni akiwa katika uchungu, avushwe daraja la Stallow. Upande wa pili nao wakamkataa. Alifia katikati ya daraja. Mtoto hakuandikwa popote.

Aliyetoa amri ni msimamizi wa maskini, Josiah Tapscott. Babu wa babu yangu.

"Muungwana kweli kweli," Philippa alisema. "Na Krismasi huwa tunainua glasi kwa heshima yake!"

"Endesha, mjukuu wangu."

Njia ya nyumbani hupita daraja lile. Tulipofika katikati, gari likazima.

Kimya. Maji yakipita chini... Kisha harufu. Sufu iliyolowa, na damu.

"Babu..." Philippa alishika tumbo. "Chupa imepasuka."

Simu haikupata mtandao. Nilishuka, nikaharakisha kuelekea Combe Ashway. Mwisho wa daraja alisimama mwanamume mwenye kandili. Uso wake sikuuona.

"Nisaidie! Mjukuu wangu anajifungua!"

"Wa wapi?" alinong'ona.

"Bwana, mtu anajifungua!"

"Si wetu. Mvushe."

Nilijaribu kumpita. Miguu ilikataa. Nikageuka, nikakimbilia upande wa pili kadiri uzee wangu ulivyoniruhusu. Huko nako kulikuwa na kandili.

"Si wetu. Mrudishe."

Niliporudi, mlango wa gari ulikuwa wazi. Mwanamke aliyejifunika shuka la sufu alikuwa amepiga magoti mbele ya Philippa, amemshika mkono. Maji yalimchuruzika. Tumbo lake pia lilikuwa kubwa.

"Wewe ni Tapscott," alisema, bila kunitazama.

"Ndiyo, mama."

"Basi sema. Mimi ni wa wapi?"

Philippa alikuwa akihema kama mtu anayezama.

"Susannah Prewett ni wa Combe Ashway," nilisema. "Ni wetu."

Alicheka kidogo, kicheko kikavu.

"Leo ndiyo unasema."

Philippa akapiga yowe.

Kilio cha mtoto.

Kisha kingine. Chembamba, dhaifu... kikashuka kuelekea majini.

Kandili zikazimika zote mbili. Mwanamke hakuwapo. Juu ya kifua cha Philippa alilala mtoto wa kiume, mzima. Nilipogusa ufunguo, gari likawaka. Baadaye fundi alilikagua, asione kasoro yoyote.

Asubuhi, hospitalini, Philippa aliniita karibu.

"Babu, yule mwingine yuko wapi?"

"Mwingine yupi?"

"Usinifanyie hivyo. Walilia wawili. Yule mama alimchukua wa kike. Nilimwona, Babu. Ana nywele nyekundu kama zangu."

Mkunga, Bi. Maureen Lisle, alikuwa amekwisha kunihakikishia kwamba picha zote za mimba zilionyesha mtoto mmoja. Alisimama nyuma yangu, akisubiri nimtulize mgonjwa.

"Alikuwa mmoja," nilisema. "Umechoka tu."

Philippa alinitazama mpaka nikainamisha macho. Nami nilikuwa nimesikia wawili.

Mtoto anaitwa Rowan, na ana afya njema. Philippa hajasema nami tena. Habari zake huletwa na mama yake, ambaye siku hizi hulala nyumbani kwa Philippa. Anasema kila jioni Philippa humnyonyesha Rowan titi moja tu. La pili huliacha limejaa, hata likimuuma, na dirisha la upande wa mto hataki lifungwe.

Asubuhi titi lile huwa tupu.